Asizikwe na Mashujaa

Gamgol, 5 Machi 1999

Mdogo wangu Tae-shik,

Pokea salamu za huku mlimani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba vumbi la Seoul halijakurudisha kwenye kile kikohozi. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, nalo tumeshazoeana.

Tambiko la baba na mama tumelifanya juma hili, tarehe kumi na nne ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya zamani, kama kila mwaka. Nyumba kumi na saba zilipika siku moja. Mpita njia angedhani kijiji kizima kina harusi. Nilimimina pombe mwenyewe mbele ya meza yao, kazi ya mtoto wa kiume, kwa kuwa mtoto wa kiume hakuja. Huu ni mwaka wa thelathini na moja. Sababu zako huwa nzuri, zina hata mihuri ya serikali.

Lakini sikuandikii kwa hilo. Umemwona Pyo Man-gil kwenye televisheni? Jenerali mstaafu, balozi mstaafu, shujaa wa vita viwili, sasa figo zimemchoka. Kamati ya heshima za taifa itakaa kuamua mambo mawili: apewe nafasi kwenye makaburi ya taifa, na apewe sura nzima kwenye kitabu kipya cha historia ya jeshi. Anataka kujua atalala wapi kabla hajalala.

Unayajua haya, ila nayaandika tena kwa sababu hasira yangu inahitaji mazoezi. Majira ya baridi ya mwaka 1951 alikuwa kapteni. Kombania yake iliingia Gamgol asubuhi kusaka waasi wa msituni. Aliketi kwenye baraza yetu akala wali wetu kwa kijiko cha bibi, huku askari wake wakiwapeleka watu bondeni. Watu mia moja na kumi na wawili. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilipona kwa sababu mama aliniangukia. Wewe ulikuwa kwa mjomba kule Jinju, una surua. Ripoti ikasema waasi mia moja na kumi na wawili wameuawa. Bibi alikuwa muasi wa miaka sabini na moja asiye na jino hata moja.

Uso wa kapteni yule nilikuwa nao siku zote. Jina nilikuja kulijua mwaka 1972, alipoapishwa kuwa balozi na picha ikatoka gazetini. Picha hiyo nimeibandika chooni, chini ya ubao wa kukanyagia.

Wewe unafanya kazi kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za vita. Peleka malalamiko. Sitaki fidia. Sitaki aombe radhi. Mtu aliyekuwa balozi ataomba vizuri mno. Nataka asizikwe na mashujaa. Akishafukiwa pale, hakuna serikali itakayomfukua. Fanya haraka.

Dada yako,
Bun-rye

*

Seoul, 21 Machi 1999

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipata, nasi huku ni wazima. Nakutumia plasta za goti, zile zinazonukia karafuu.

Nimeandika malalamiko na kuyapeleka mwenyewe kwenye kamati. Nimetaja kijiji, idadi ya watu, jina la kapteni na tarehe: 19 Februari 1951. Kamati itayalinganisha na daftari la kila siku la kombania, ambalo limo kwenye hifadhi yetu.

Usijenge matumaini makubwa, dada. Mkubwa wangu wa kazi ameshaniita. Alisema nchi imetoka kwenye anguko la uchumi juzi tu, wawekezaji wanatutazama, na huu si wakati wa kufukua mifupa. Nikamkumbusha kwamba kila mwaka tunawapigia kelele Wajapani watubu ya kwao. Akasema hao ni Wajapani.

Mdogo wako,
Tae-shik

*

Seoul, 2 Julai 1999

Dada yangu,

Shikamoo. Poleni na mvua, nasikia huko daraja limezama.

Habari si nzuri. Kamati imeyatupa malalamiko yetu. Wakili wa Pyo alileta nakala ya daftari: tarehe 19 Februari kombania ilikuwa ikivuka mto, mwendo wa siku nzima kutoka Gamgol. Kuna sahihi tatu. Wakili alisema, kwa upole sana, kwamba huzuni ya miaka mingi huchanganya nyuso, na kwamba dada wa mlalamikaji alikuwa mtoto.

Makaburi yatapitishwa mwezi wa Desemba. Nimejitahidi, dada. Pengine tuliache hili. Una miaka sitini.

Mdogo wako,
Tae-shik

*

Gamgol, 8 Julai 1999

Tae-shik,

Marahaba yako ni ya nusu. Mvua imetuacha wazima, na daraja litajengwa tena. Wewe ndiye sijui utajengwa na nani.

Tarehe kumi na tisa umeitoa wapi? Nimekaa na kalenda ya zamani na ya sasa, nimehesabu kwa vidole mara tatu, na nimeuona ujinga wako ulipo. Umechukua siku ya tambiko. Mtoto wa chekechea wa Gamgol anajua kwamba meza ya marehemu hutengwa siku yake ya mwisho ya kuwa hai, ile aliyokula na kulala na watu wake, na ibada husomwa siku ikigeuka. Tambiko ni la kumi na nne kwa sababu walikufa tarehe kumi na tano! Asubuhi ya mwezi mpevu wa kwanza. Tulikuwa tunavunja karanga kwa meno, kama ilivyo ada siku hiyo, tusitokwe na majipu mwaka mzima. Nilikuwa na karanga mdomoni waliposukuma lango. Tarehe kumi na tano ya siku zile ni 20 Februari. Ishirini.

Siku moja! Umempa Pyo siku moja, naye ameingia humo na gari lake na wakili wake.

Ungekuwa unakuja kwenye tambiko hata mara moja katika miaka mitano, usingekosea. Sasa nijibu swali ambalo nimelimeza miaka yote hii kwa kukuhurumia. Kwa nini huji? Ulikwenda vitani Vietnam ukiwa mtoto mwenye kelele, unaniimbia mpaka kwenye stesheni. Ulirudi ukiwa na nishani, na tangu hapo hujakanyaga kaburi la baba. Nijibu, na sitaki jibu lenye mhuri.

Halafu rudi kwenye kamati, uwaambie ulikosea.

Dada yako,
Bun-rye

*

Gamgol, 11 Septemba 1999

Tae-shik,

Hamjambo huko? Miezi miwili, hata salamu. Nilipiga simu ya dukani, mkeo akasema umetoka, na nyuma yake nikakusikia ukikohoa.

Wamemwonyesha Pyo tena, yuko hospitali, amezungukwa na maua. Bado anapumua. Usimwache afe kabla ya sisi kusema.

Dada yako,
Bun-rye

*

Seoul, 3 Oktoba 1999

Dada,

Leo sikuamkii, maana sistahili kuitikiwa. Natumaini u mzima. Kaa chini kabla hujaendelea.

Haikuwa bahati mbaya ile tarehe. Najua tambiko hutengwa siku gani. Mjomba alinifundisha kule Jinju. Daftari la kombania nimelisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai. Kumi na tisa wako mtoni. Ukurasa wa ishirini umechanwa. Ishirini na moja wanapumzika, wamegawiwa sigara. Niliandika kumi na tisa nikijua malalamiko yataanguka. Nilitaka yaanguke. Nakueleza kwa nini.

Unakumbuka kwamba baada ya vita sisi tulikuwa watoto wa wekundu, wa wakomunisti. Mjomba alifukuzwa kazi ya posta kwa ajili yangu. Mwaka 1967 serikali ilipokuwa inawapa Wamarekani askari, uliniandikia kwamba mtu akienda Vietnam kwa hiari jina la nyumba yake husafishwa. Ulisema niende nikalisafishe jina la baba. Nikaenda.

Kamanda wa rejimenti yetu alikuwa Kanali Pyo Man-gil. Jina halikuniambia kitu wakati ule, na wewe ulikuwa hujalijua bado. Mwaka 1968, kabla ya mpunga kuvunwa, alitutuma kwenye kijiji kilicho chini ya kilima tulichokuwa tunakiita kwa namba. Tulikuwa tumempoteza mwenzetu kwa bomu la ardhini siku iliyotangulia. Amri ilikuwa fupi. Kulikuwa na wazee, wanawake na watoto. Nilifanya kama wenzangu, dada. Sikufyatua juu, wala sikuumwa tumbo kama alivyojifanya mmoja wetu. Mwishoni msichana mmoja alikimbilia kwenye mianzi. Alikuwa wa umri ule uliokuwa nao wewe. Aligeuka akanitazama, nami nikapiga. Sijui kama alikufa. Sikwenda kuangalia.

Tulipofika kambini Pyo alitupongeza. Alinipa kikombe cha pombe kwa mkono wake. Akasema tusiwe na nyuso za msiba, kwamba hata yeye kijana aliona vigumu mara ya kwanza, nchini kwetu, kwenye bonde linaloitwa Gamgol, siku ya mwezi mpevu. Akasema wali wa nafaka tano ulikuwa bado wa moto, akaula wote.

Kikombe nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili, kama inavyopasa mbele ya mkubwa. Nikageuza uso pembeni kwa heshima. Nikanywa.

Ndiyo maana siji. Nitainamaje mbele ya baba? Na ndiyo maana niliogopa malalamiko: Pyo akibanwa, rejimenti nzima itaitwa. Nilijua jina lake miaka minne kabla yako na sikukwambia.

Mdogo wako, kama bado ni mdogo wako,
Tae-shik

*

Seoul, 20 Novemba 1999

Dada,

Natumaini goti halikusumbui na baridi hii. Wiki saba zimepita. Najua barua ilifika, postamasta ameniambia uliisaini.

Kamati itakaa mara ya mwisho tarehe 14 Desemba. Daftari halina ukurasa, na wazee wa Gamgol wataambiwa wanaona vibaya. Anayeweza kusema kwamba Pyo mwenyewe alitaja siku na bonde ni mimi peke yangu. Wataniuliza nilisikia wapi na tulikuwa tumetoka kufanya nini. Mke wangu hajui, watoto hawajui. Ukiniambia ninyamaze nitanyamaza. Ukiniambia niseme nitasema. Andika neno moja tu.

Mdogo wako,
Tae-shik

*

Gamgol, 26 Novemba 1999

Tae-shik,

Sema.

Sema yote, hata kikombe. Anza na mkeo, asiisikie redioni.

Ni kweli nilikwambia uende. Hilo ni langu, nalibeba mimi, usinisaidie. Mengine sina la kukuandikia kwa sasa. Nimekuwa nikiamka asubuhi nikitafuta nimchukie nani kwanza, na kazi za nyumbani zinalala.

Dada yako,
Bun-rye

*

Seoul, 22 Desemba 1999

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini theluji haijafunga njia na kuni zinatosha.

Nimesema. Nilisimama kwa muda wa saa mbili. Nilianza na Vietnam, kwa sababu nilijua nikianza na Gamgol nitaishia hapo. Niliwachorea kijiji kwenye ramani, kilima, mfereji, ile mianzi. Kisha nikasema maneno ya Pyo kama alivyoyasema. Wakili wake aliniuliza kama ninataka kamati iamini neno la mtu anayekiri kuua watoto. Nikamjibu kwamba mteja wake aliliamini kiasi cha kunipa nishani, na nikaiweka nishani mezani.

Mtoto wa Pyo alikuwapo, mtu wa makamo, profesa. Nilipokuwa natoka alinifuata kwenye ngazi. Akasema, "Baba yangu anakufa. Umepata nini?" Nilitaka kumjibu kwa ukali wako, dada, lakini ukali wako sinao. Nilimwambia sijapata kitu.

Magazeti yameandika. Askari wa zamani, watu niliokula nao sahani moja, walikuja ishirini na kitu na mavazi yao ya vita wakapaka lango letu rangi nyekundu. Ofisini nimeambiwa nipumzike nyumbani. Mwanangu mkubwa hajanisemesha tangu siku ile. Mke wangu anapika, ananiwekea chakula, anakwenda kula chumba kingine.

Kamati itatoa jibu Januari. Tambiko mwakani ni tarehe 18 Februari. Naomba ruhusa nije. Nitakaa uani kama hutaki niingie.

Mdogo wako,
Tae-shik

*

Gamgol, 25 Februari 2000

Tae-shik,

Salamu zikufikie wewe na wote walio nyumbani mwako, hata wasiokusemesha. Mimi ni mzima. Baridi imeanza kulegea.

Jibu la kamati umeliona, lakini nataka nilitamke na mimi. Pyo Man-gil amenyimwa makaburi ya taifa. Alikufa siku tisa baadaye, akijua. Hilo ndilo lililonipendeza, kwamba alijua. Sura yake wameitoa kwenye kitabu, ila ya kwetu hawakuiweka. Ukurasa kabla ya pengo hilo unazungumzia kuvuka mto na unaofuata unazungumzia kusitisha mapigano. Watu wetu wamefichwa katikati. Nitaendelea kuwasumbua, nina goti moja zima.

Nilipanda basi mpaka kwenye mlima wa ukoo wake kuona alipozikwa. Nilidhani nitatema mate. Nilikuwa nimejiandaa tangu nina miaka kumi na miwili. Nilisimama, nikaona udongo wa manjano na chupa moja ya pombe, nikasikia njaa, nikarudi. Nakwambia ili usidhani nimepata raha kubwa ninayokuficha.

Uliomba ruhusa ya kuja kwenye tambiko, sikukujibu, na hukuja. Ulifanya vizuri. Nisingeweza kukutengea mahali, na nisingeweza kukufukuza mbele ya baba. Mwakani sijui.

Sasa sikiliza. Kuna vijana wa chuo kutoka Busan wanaokwenda Vietnam kuwasikiliza watu wa vijiji vile. Msichana mmoja wao alikuja hapa kuniuliza habari za Gamgol. Nikamuuliza mimi habari za kijiji chako, kwa ile ramani uliyowachorea kamati, iliyotoka gazetini. Amekipata. Amenionyesha kwenye karatasi zake kwamba kuna watu waliopona mle, wachache, na kwamba hakuna hata mmoja anayejua jina la askari yeyote. Wanakumbuka nyuso.

Mimi nilikaa miaka ishirini na moja na uso usio na jina. Sijui kama unaelewa kitu hicho kinamfanya nini mtu. Unamtafuta kwa kila mwanamume unayekutana naye sokoni. Pyo hakuniua, lakini alinifungia humo, na nilipata jina lake kwa bahati tu. Nikaona si haki yule msichana wa kwenye mianzi, kama alipona, naye angojee bahati.

Kwa hiyo nimemwandikia. Kijana wa Busan ameigeuza barua kwa lugha yao, ataipeleka mwezi wa Aprili kwa mkono wake. Nimeweka jina lako lote na la baba yetu, mtaa unaokaa, namba ya nyumba, na picha yako ya mwaka 1967, ile ya stesheni. Nimeandika pia kwamba mimi ndiye niliyekwambia uende, na anwani yangu ipo. Kama alikufa, wapewe ndugu zake.

Sijakuuliza kwanza kwa sababu ungekubali, nami sikutaka iwe zawadi yako.

Sijui watafanya nini. Huenda wasifanye kitu, huenda wakaja na karatasi za mahakama, huenda akaja mtu mmoja tu kukutazama. Usihame ile nyumba. Wakibisha hodi, usimtume mkeo. Fungua mwenyewe.

Dada yako,
Bun-rye